Kufua au Kuchonga: Njia Ipi Imfae Mstaafu Anayetaka Kutengeneza Visu na Zana Nyumbani

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifikisha miaka 55 na kwa lazima akifikisha 60, na wengi walioko Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe hufikia umri huo wakiwa bado wana nguvu mikononi, wana nyumba yenye uwanja, na wanatamani kazi ya kufanya kwa mikono. Karakana ndogo ya visu, miundu, nyengo na patasi inalingana vizuri na hali hiyo, kwa sababu malighafi yake imezagaa kwenye gereji za kando ya barabara kuu na bidhaa zake zinahitajika katika kila jiko na kila shamba. Hata hivyo zipo njia mbili za kuifanya kazi hii, nazo hazifanani kwa vifaa, kwa chuma, kwa kelele wala kwa jinsi zinavyoutumia mwili, na mtu asiyezitofautisha mapema huweza kutumia sehemu nzuri ya kiinua mgongo chake kununua vifaa vya njia moja huku vitu anavyotaka kuvitengeneza ni vya njia nyingine.

Njia ya kwanza ni kufua. Chuma hupashwa kwenye tanuri hadi kifikie rangi ya chungwa, kikawekwa juu ya fuawe na kupigwa nyundo kikiwa bado laini, hadi kirefuke, kitanuke au kipinde kama fundi anavyotaka. Hakuna kinachopotea isipokuwa magamba meusi yanayodondoka kwa kila pigo. Njia ya pili ni kuchonga. Hapa fundi huanza na bapa la chuma ambalo tayari lina unene unaotakiwa, akalichora umbo la kisu, akalikata kwa msumeno wa chuma au grenda, kisha akaondoa ziada kwa tupa na msasa mpaka makali yajitokeze. Mchongaji huhitaji moto katika hatua mbili tu, yaani mwanzoni anapolainisha chuma kigumu ili tupa iweze kukila, na mwishoni anapokitia ugumu.

Zana unayoitaka ndiyo inayotangulia

Kabla ya kuhesabu gharama, ni vema mtu ajiulize anataka kutengeneza nini hasa. Mundu wa kuvunia mpunga kule Usangu, nyengo ya kufyekea, tezo na shoka ni zana zenye mikunjo, matundu ya mpini au mikia mirefu, na zote huzaliwa kwa nyundo. Kuchonga tezo kutoka kwenye pande la chuma kunawezekana, lakini sehemu kubwa ya pande hilo itaishia kuwa unga sakafuni, na fundi atamaliza diski za grenda kwa kazi ambayo mhunzi angeimaliza kwa kupasha chuma mara chache. Kwa zana za shamba, kwa hiyo, kufua kunashinda bila ubishi.

Mambo hugeuka tunapofika kwenye visu. Chukua mfano wa kisu cha kubebeshea miche ya parachichi (yaani kuunganisha kikonyo, kijiti cha mti mwingine, na mche), ambacho wakulima wa Rungwe na Njombe wanakihitaji sana tangu parachichi za Hass zilipokuwa zao la biashara. Ubao wa kisu hicho, yaani sehemu yake ya chuma inayokata, ni mfupi na mwembamba, na kinanolewa upande mmoja tu. Upande wa pili hubaki tambarare kabisa, ili majeraha ya kikonyo na ya mche yawe bapa, yakutane bila kuacha nafasi katikati. Alama yoyote ya nyundo kwenye upande ule tambarare ingelazimika kuondolewa kwa tupa, hivyo hata mhunzi hodari angeishia kuchonga. Ndivyo ilivyo pia kwa visu vya jikoni vyembamba, visu vya kuchunia ngozi na patasi ndogo za seremala. Kwa vitu hivi unyofu na usawa wa unene ni muhimu kuliko umbo la kupinda, na mchongaji mwenye subira hutoa kisu kizuri mapema zaidi kuliko mtu anayejifunza kufua, ambaye miezi ya mwanzo huitumia kujifunza kupiga mahali anapokusudia.

Chuma cha mmoja si chuma cha mwingine

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha. Ukiuliza mtaani chuma kizuri cha kisu ni kipi, utajibiwa haraka kuwa ni springi ya gari, na jibu hilo ni sahihi nusu. Springi bapa za malori kwa kawaida ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.6 pamoja na kiasi kidogo cha kromiamu, hukubali ugumu vizuri kwenye mafuta na hakivunjiki ovyo. Kwa kuwa barabara ya TANZAM inapitisha malori usiku na mchana kwenda Tunduma, gereji za Mafinga, Makambako na Uyole hazikosi springi zilizochakaa. Lakini springi ya lori ni nene na imepinda. Mhunzi haoni tabu kwa hilo, maana ataipasha, ataikata vipande na kuipiga hadi ifike unene anaoutaka. Mchongaji aliyenunua springi hiyohiyo yenye unene wa milimita 8 atalazimika kuishusha hadi milimita 3 au 2 kwa grenda na tupa, na hiyo ni adhabu ambayo hakuna sababu ya mtu mwenye miaka 60 kujipa. Wote wawili wachunguze springi iliyovunjika, kwa sababu mara nyingi penye mvunjiko mmoja huwa pana nyufa nyingine ndogo jirani. Ni salama zaidi kuchukua chuma cha mbali na pale palipokatika.

Kwa mchongaji, hazina ya Nyanda za Juu Kusini iko kwenye mashine za mbao. Eneo la Sao Hill na Mafinga lina viwanda vya kupasua mbao na mashine ndogo zinazoitwa dingdong, na misumeno iliyokwisha meno hutupwa au kuuzwa kama skrepa. Bapa la msumeno wa namna hiyo limenyooka, ni jembamba, na unene wake ni sawa pande zote, yaani nusu ya kazi ya mchongaji imekwisha kufanywa kiwandani. Tahadhari ni moja: misumeno ya mviringo ambayo meno yake yamebandikwa kwa madini magumu inaweza kuwa na mwili wa chuma cha kawaida kisichokubali ugumu. Tupa zilizoisha nazo ni chuma bora chenye kaboni inayokaribia au kuzidi asilimia 1, ingawa baadhi ya tupa za bei ya chini zimetiwa ugumu kwenye ngozi ya juu tu na ndani ni laini.

Nondo za ujenzi zisitumike kwa kisu. Kaboni yake kwa kawaida ni ndogo mno, hivyo kisu cha nondo kitang'aa vizuri siku ya kwanza na kitapinda makali kwenye kiazi cha pili. Ili kutofautisha, gusisha chuma kwenye jiwe la kunolea la umeme na utazame cheche: nondo hutoa mistari mirefu isiyo na matawi mengi, na tupa hutoa cheche fupi zinazopasuka na kuchanua kwa wingi karibu na jiwe. Kipimo cha uhakika zaidi hakihitaji umeme. Kata kipande chembamba, kipashe hadi kiwe chekundu cha kung'aa, kizamishe ghafla kwenye mafuta, kisha kibane kwenye jiliwa na ukipige nyundo ukiwa umevaa miwani ya kukinga macho. Kikivunjika papo hapo na kuonyesha punje laini za kijivu, chuma hicho kinafaa. Kikipinda, kirudishe kwenye skrepa.

Moto ambao hakuna anayeukwepa

Wapo wanaochagua kuchonga wakidhani wamekwepa tanuri, na ni vema nieleze kwa nini hawakulikwepa. Chuma kilicholainishwa ili kichongwe kina ulaini uleule hata kikipewa umbo zuri namna gani. Ugumu hupatikana kwa kukipasha hadi kupita kidogo nyuzi joto 800 na kukipoza ghafla. Kwa kuwa karakana ya nyumbani haina kipimajoto cha kiwango hicho, fundi hutumia sumaku iliyofungwa kwenye waya: chuma kikifikia takriban nyuzi 770 huacha kushikwa na sumaku, na kutoka hapo huongezewa joto kidogo hadi rangi yake ing'ae zaidi na kuwa sawa kutoka ncha hadi mkiani, kisha hutumbukizwa. Kazi hii ifanyike jioni au chini ya kivuli kizito, kwa sababu jua kali la mchana hudanganya jicho na kumfanya mtu apashe kupita kiasi, na chuma kilichopashwa kupita kiasi hupata punje kubwa na huvunjika kirahisi.

Mafuta ya kupikia ya kawaida yanafaa kwa springi na kwa misumeno mingi. Kuna jambo linalowahusu sana watu wa Uyole, Makete na Njombe: mwezi wa Juni na Julai mafuta huwa mazito kwa baridi, na mafuta mazito hupoza chuma polepole, kwa hiyo yapashwe kwanza hadi nyuzi 50 au 60 kwa kutumbukiza kipande cha chuma cha moto ndani yake. Ubao uingizwe ukitangulia kwa makali au kwa ncha na usitikiswe ubavu, la sivyo utapinda. Ukitoka, tupa iparazwe juu ya makali. Ikiteleza bila kuuma, ugumu umeingia.

Ila ugumu huo ni wa kuvunjika. Kisu kikidondoka sakafuni katika hali hiyo kinaweza kukatika vipande viwili, hivyo kinapashwa tena kwa joto dogo ili kitulie. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika kazi nzima. Ubao husuguliwa msasa mpaka ung'ae, ukalazwa juu ya mchanga wa moto kwenye kikaango kilicho juu ya jiko la mkaa, na baada ya muda rangi huanza kutambaa juu ya chuma: kwanza manjano hafifu ya majani makavu, kisha kahawia, zambarau, na mwisho bluu. Manjano hutokea karibu na nyuzi 220, na hapo ndipo kisu cha jikoni na cha kubebeshea vinapotakiwa kuondolewa mara moja. Shoka na nyengo, ambazo hupigwa na kugongana na mawe, ziachwe mpaka zambarau au bluu, karibu na nyuzi 280 hadi 300, ili zipungue ugumu na kuongeza uvumilivu. Mwenye oveni nyumbani huweka nyuzi 200, akaacha kisu humo kwa saa moja au mbili, akakipoza na kurudia tena. Matokeo huwa na usawa zaidi kuliko ya mchanga.

Tofauti ya njia mbili hapa ni kiasi cha moto. Mchongaji anahitaji tanuri dogo la matofali linalotosha ubao mmoja, alitumie kwa muda mfupi siku chache kwa mwezi. Mhunzi anahitaji moto wa saa nyingi. Mkaa wa miti migumu, ukiwamo ule wa miwati unaopatikana Njombe, huwaka vizuri na hauna harufu ya kuwachosha majirani, lakini mhunzi huumaliza haraka. Makaa ya mawe, kama yale ya Kiwira, hutoa joto kubwa zaidi kwa kiasi kidogo. Tatizo ni moshi wake mzito wakati wa kuwashwa, ambao haufai kabisa katikati ya nyumba zilizobanana. Gesi ya mtungi ni safi, ila vichomeo vya tanuri si rahisi kuvipata, na mtungi mdogo ukitumiwa kwa kasi wakati wa baridi hupoa na kupoteza msukumo.

Mwili, majirani na umeme

Kufua kunahitaji bega, kiwiko na mgongo. Nyundo ya kilo 1 inatosha kwa visu na miundu, na fuawe likiwekwa kwa kimo cha ngumi za mtu aliyesimama wima mgongo hautaumia upesi. Bado, mtu mwenye shinikizo la damu au maumivu ya bega azungumze na daktari wake kabla ya kujenga tanuri. Masikio nayo yakingwe, kwa sababu mlio wa nyundo juu ya chuma huharibu usikivu taratibu bila maumivu yoyote ya kumwonya mtu.

Kuchonga kunaonekana ni kazi ya utulivu, na kwa tupa ni kweli. Kwa grenda si kweli. Diski ya grenda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na ikipasuka vipande vyake huruka kwa kasi isiyomwacha mtu kukwepa. Kinga ya diski isiondolewe hata kama inazuia kuona, na miwani ivaliwe muda wote. Vumbi la chuma na la mbao ngumu kama mpingo huumiza mapafu, hivyo barakoa ya vumbi ni ya lazima, na mtetemo wa muda mrefu hufisha ganzi vidole. Wote wawili waepuke kupasha mabomba na vyuma vilivyopakwa zinki, kwani moshi wake humletea mtu homa na kifua kubana.

Kwa mtu anayeishi Forest au Soweto jijini Mbeya, ama Gangilonga pale Iringa, kelele za fuawe alasiri nzima zitaleta ugomvi hata na majirani wapole, na ningemshauri achonge kwa tupa. Aliyestaafia shambani Ilula, Igurusi au Tukuyu ana uhuru wa kufua, mradi akumbuke ukame wa Juni hadi Oktoba: upepo wa Makambako hauchukui muda kupeleka cheche kwenye nyasi kavu, na jirani mwenye shamba la paina atakuwa na haki ya kukasirika. Kwa upande wa umeme, mhunzi ana nafuu. Mvukuto wa ngozi au feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli hauna habari na kukatika kwa umeme, ilhali mtegemea grenda husimama.

Vifaa na mahali pa kujifunzia

Mchongaji anaanza na jiliwa imara, msumeno wa chuma, tupa tatu au nne, msasa na drili. Vyote hivyo vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na grenda inaweza kusubiri. Naliweka jambo hili mbele makusudi: tupa hufundisha mkono kuona umbo, na ikikosea inakosea kidogo, wakati grenda huondoa kwa sekunde kile ambacho hakiwezi kurudishwa.

Mhunzi anahitaji tanuri, koleo za namna kadhaa, nyundo na fuawe. Fuawe la kiwandani ni adimu, na wengi hushauriwa kutumia kipande cha reli. Katika mikoa inayopitiwa na reli ya TAZARA ushauri huo una hatari, kwa kuwa kipande kisicho na maelezo ya kilikotoka huenda kimeibwa, na kuhujumu miundombinu ni kosa la jinai. Kipande kizito cha ekseli ya lori kilichosimamishwa ndani ya gogo la mkaratusi hufanya kazi nzuri na hakina maswali.

Kufua hakujifunzwi vizuri bila mwalimu. Nyanda hizi na jirani zake za Ufipa zina historia ndefu ya chuma. Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu za udongo walizoziita malungu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto. Uyeyushaji huo umekwisha, lakini wahunzi wanaofua majembe na miundu bado wapo minadani na vijijini, na mstaafu atakayekwenda kwa heshima, akakubali kuvuta mvukuto kwanza, atajifunza mengi. Kwa upande wa kuchonga, kutoboa na kuchomelea, ofisi za SIDO (shirika la viwanda vidogo) na vyuo vya ufundi stadi vya VETA vilivyopo Mbeya na Iringa ni mahali pazuri pa kuulizia mafunzo mafupi.

Mpini hautofautiani kwa njia hizi mbili. Mninga uliokauka vizuri, mpingo, au pembe ya ng'ombe kutoka Usangu vinatosha. Pembe na mifupa ya wanyamapori viachwe kabisa, kwani ni nyara za serikali. Mteja naye aelezwe kuwa kisu cha chuma hiki kitakuwa na weusi wa bluu kikimenya ndizi za Tukuyu, kwamba weusi huo si kutu, na kwamba kipanguswe maji na kupakwa mafuta kidogo baada ya kuoshwa, hasa masika.

Kwa asiyeweza kuchagua

Ipo njia ya kati ambayo naiona inawafaa wengi wanaoishi mjini lakini wanataka kutengeneza zana za shamba. Mstaafu anunue springi mwenyewe, aipeleke kwa mhunzi ikafuliwe kuwa bapa au nyengo ghafi, kisha amalizie nyumbani kwa tupa, moto mdogo na mpini. Mhunzi hupata kazi ya uhakika, na mstaafu hupata umbo ambalo bega lake lisingeweza kulitoa. Wakubaliane mapema juu ya unene, ambao uzidi kidogo ule wa mwisho ili tupa iwe na cha kuondoa, na mhunzi aombwe akiache chuma kipoe polepole ndani ya majivu bila kukizamisha popote, kwa kuwa matundu ya ribiti za kushikilia mpini hutobolewa kikiwa bado laini na ugumu huingizwa baadaye.